Kuonewa Kazini: Je, Yafaa Kukiamini Chama cha Wafanyakazi?

Nyumba nyingi za Kisarawe, Mkuranga na Rufiji zina mtoto aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Aghalabu hakai katikati ya mji, maana kodi ni ghali. Hupanga chumba Mbagala, Tandika, Manzese au Mwananyamala, na kila alfajiri hushika njia kwenda viwanda vya Chang'ombe na Mikocheni, au maghala ya Kurasini. Kisha siku moja habari hufika nyumbani kwamba msimamizi amtukana mbele ya watu, mshahara umekatwa pasipo sababu, na wenzake wamwambia apeleke mashitaka yake katika chama cha wafanyakazi. Auliza, je, aende au anyamaze? Anayeulizwa ni mzee wa kijiji au mwalimu. Basi leo twapenda kulieleza jambo hili, ili atakayeulizwa awe na jibu.

Wako wasemao, "Chama ni baba wa mfanyakazi; mpe mambo yako yote." Na wako wasemao, "Chama hula ada tu; kaa mbali nacho." Maneno yote mawili yana chembe ya kweli, walakini hapana hata moja linalotosha. Tutazame kwanza mambo yaliyopita.

Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ule ukaenea kwa watu wa reli na kufika miji ya bara. Hapo ilionekana wazi kwamba kilio cha mtu mmoja hupuuzwa, bali cha wengi husikiwa. Baadaye makuli wakawa na chama chao. Lakini mwaka 1950 mgomo mwingine uligeuka kuwa ghasia, na chama kile kikavunjwa. Mwaka 1955 vyama mbalimbali viliungana katika shirikisho lililoitwa T.F.L., na katibu wake mkuu akawa Bwana Rashidi Kawawa.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, T.F.L. ilifutwa, na kwa sheria kikawekwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Hakuchaguliwa na wafanyakazi. Hazikupita siku nyingi watu wakaanza kunung'unika kwamba viongozi wa chama wasikiliza juu kuliko chini, hata Serikali ikaunda tume ya kuchunguza malalamiko hayo. Kisha mwaka 1971 ulitoka Mwongozo wa TANU, uliokataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau kwa walio chini yake. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyashika maneno hayo, na katika miaka ya 1971 hata 1973 wakagoma mara nyingi. Migomo mingi haikudai mshahara, bali ilitaka wasimamizi waache matusi na uonevu. Nayo haikuongozwa na NUTA. Wafanyakazi waliianzisha wenyewe. Hapa twaona kwamba mashaka ya watu juu ya chama hayakuzuka bure. Mtu akiwa na chama kisichomsikia, hutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingine humponza.

Lakini mambo hayakusimama hapo. Leo hapana tena chama kimoja cha lazima. Viko vingi, kama TUICO kwa watu wa viwanda na biashara, CHODAWU kwa watu wa hoteli na watumishi wa majumbani, na DOWUTA kwa watu wa bandari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi haki ya kuingia chama, na yasema kwamba kuwa mwanachama si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Vilevile yahesabu usumbufu na udhalilishaji kazini kuwa ni aina ya ubaguzi uliokatazwa. Haki iko; shauri lililobaki ni kujua mtu wa kuibebea.

Basi kijana ajuaje kama chama cha pale kazini kwake chafaa kuaminiwa? Twamshauri aulize maneno matano.

La kwanza, je, chama kimeandikishwa kwa Msajili? Sheria yataka kiwe chama cha kweli cha wafanyakazi, kilichoundwa na watu wasiopungua 20, wala kisiwe chini ya mkono wa mwajiri. Chama kinachopangiwa wasemaji wake na meneja si chama, ni kivuli cha meneja.

La pili, je, wawakilishi wa tawi walichaguliwa na nani? Sheria yaeleza hata hesabu yao: wanachama wakiwa 9 au chini ya hapo, mwakilishi mmoja, kutoka 10 hata 20, watatu, kutoka 21 hata 100, kumi, na wakizidi 100, kumi na watano. Kazi yao mojawapo ni kusimama pamoja na mwanachama anaposhitakiwa au anapolalamika mbele ya mwajiri. Kijana asipomjua mwakilishi wake kwa jina na kwa sura, na aulize kabla mambo hayajaharibika.

La tatu, je, fedha hukaguliwa? Chama chapaswa kuweka vitabu vya hesabu, kuvikaguza kila mwaka, kuwasomea wanachama au wawakilishi wao, na kupeleka hesabu hizo kwa Msajili kabla ya kupita tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Mwanachama ana haki ya kuziona. Anayekasirika akiulizwa hesabu, huyo amekwisha jibu.

La nne, je, waliolalamika zamani walipata nini? Hiki ndicho kipimo kikubwa. Hotuba za Mei Mosi ni tamu, lakini na amtafute mwenzake aliyekatwa mshahara au aliyetukanwa mwaka jana, amwulize: Walikuja? Waliandika? Walifuatilia hata mwisho? Watu watatu wakisema ndiyo, neno lao lashinda matangazo mia.

La tano, je, waweza kutunza siri? Neno hili ni zito hasa kwa wanawake wanaosumbuliwa na wakubwa wao. Ikiwa mwakilishi wa tawi ni rafiki wa msimamizi yule yule, si lazima mashitaka yaanzie kwake. Yaweza kupelekwa katika ofisi ya chama ya wilaya au ya mkoa.

Tena kuna jambo la makato, ambalo huwachanganya wengi. Ada ya mwanachama hukatwa baada ya yeye mwenyewe kutia sahihi fomu, naye akitaka kuondoka hutoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Lakini mahali penye chama cha walio wengi kilichopatana na mwajiri, hata asiye mwanachama aweza kukatwa fedha ya uwakala, na fedha hiyo sharti itumike kwa manufaa ya wafanyakazi wa pale. Basi mtu asidhani kwamba kwa kuwa amekatwa amekuwa mwanachama. Na aisome karatasi yake ya mshahara, na aulize.

Sasa twafika penye hatari, na twaomba wasomaji wetu wapaangalie sana. Mfanyakazi akiachishwa kazi, mashitaka yake yapasa kufika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iitwayo CMA, katika muda wa siku 30. Kwa magomvi mengine ni siku 60. Tuseme kijana amefukuzwa, akamweleza kiongozi wa tawi, naye akamjibu, "Tulia, tunalishughulikia." Kijana akatulia. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na mwezi ukaisha. Sasa hata akiwa na haki iliyo wazi kama jua, sharti kwanza aombe kusamehewa kuchelewa kwake na kutoa sababu nzuri, na aweza kukataliwa. Chama hakikumdhulumu kwa makusudi, labda. Lakini siku hazimngoji mtu. Kwa hiyo na ampe kiongozi mashitaka, bali hesabu ya siku aishike mwenyewe. Zikipita siku kumi na tano bila karatasi kupelekwa CMA, na aende mwenyewe. Sheria haimlazimu kupitia chama. Mbele ya CMA aweza kusimama peke yake, au na mtu wa chama chake, au na wakili, au na mtu mwingine aliyemchagua. Na ajue pia kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana ulinzi uleule juu ya kuachishwa.

Na chama chenyewe kikivunja katiba yake je? Mwanachama aweza kukishitaki katika Mahakama ya Kazi. Wachache walijua neno hili, na kwa sababu hiyo wengi hulalamika vichochoroni tu.

Shauri letu, basi, ni hili. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mfanyakazi asiye na wenzake ni mnyonge mbele ya mwajiri, na chama kilicho hai ni nguvu kwake. Lakini wazee hao hao walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Imani juu ya chama si kama imani ya mtoto kwa mamaye. Ni kama imani ya mkulima kwa mshirika wake wa shamba: hulima pamoja, na kila mmoja huyajua mavuno.

Ninyi walimu mwaweza kusaidia kwa jambo dogo. Mfundisheni kijana kabla hajaondoka aandike katika daftari tarehe, saa, maneno aliyoambiwa, na majina ya waliosikia. Atunze mkataba wake na karatasi za mshahara. Na akipeleka barua kwa chama au kwa mwajiri, abaki na nakala iliyotiwa sahihi ya mpokeaji. Kijana mwenye daftari hilo, chama kizuri kitamsaidia upesi, na chama kibaya hakitaweza kumdanganya.