Visima vya Majirani na Maji Yaliyo Chini ya Ardhi

Katika mtaa wa Fedha, upande wa Embakasi, Nairobi, maji ya bomba huja kwa zamu. Kwa hiyo baadhi ya wenye majumba wamechimba visima virefu kwa mashine. Yafaa wafahamu jinsi maji yanavyofika kisimani.

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi pana ziwa, na kila mtu huchota fungu lake. Sivyo. Chini ya Nairobi pana matabaka ya mawe ya volkeno, na baina yake mchanga na udongo. Maji hukaa katika nyufa na vitundu vya matabaka hayo. Asili yake ni mvua ya nchi za juu, upande wa magharibi, nayo husafiri polepole kuelekea mashariki.

Pampu ikianza kazi, usawa wa maji kisimani hushuka, na maji ya pande zote huja kujaza pengo. Kadiri yanavyokaribia, njia yao huwa nyembamba. Duara iliyo mita 100 kutoka kisimani ni kubwa mara 10 kuliko iliyo mita 10, na maji yale yale hupita katika zote mbili. Basi karibu na kisima hayana budi kwenda mbio zaidi, na mbio huhitaji mteremko mkali. Ndiyo sababu usawa wa maji kuzunguka kisima huwa na umbo la faneli.

Mwaka 1935 Charles Theis wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba pampu ikiendelea, faneli hiyo huzidi kupanuka. Ikikutana na ya jirani, upungufu hujumlishwa: mahali ambapo kisima kimoja kingeshusha maji mita 4 na cha pili mita 3, yatashuka mita 7. Kisima kifupi hukauka kwanza. Kuchimba zaidi ni dawa ya muda tu, na gharama ya umeme huongezeka.

Basi mwenye kutaka kuchimba apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwenye kisima apime usawa wa maji kila mwezi na kuuandika daftarini. Majirani nao wapatane saa za kuendesha pampu, zisifanye kazi zote pamoja. Visima ni vingi, lakini maji ni yale yale.