Somo: Je, Mimea Inaweza Kuondoa Shaba Shambani?

Ninasoma kilimo, na kila nikitaja udongo wa Lubumbashi mwenzangu mmoja huniambia: "Si kuna mimea inayofyonza madini? Ipandwe tu." Tufanye hesabu pamoja.

Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Upepo wa kusini-mashariki ukabeba moshi hadi mitaa ya kaskazini-magharibi kama Penga Penga, na vumbi lake likatua ardhini. Taka za jikoni huoza. Shaba haiozi.

Mimea inayofyonza madini ipo kweli. Kule Albania kuna mmea unaotoa zaidi ya kilo 100 za nikeli kwa hekta. Lakini shaba ni tofauti. Chukua hekta moja, udongo wa juu wa sentimita 20: ni kama tani 2,600. Tuseme kila kilo ya udongo ina gramu 1 ya shaba iliyozidi. Hizo ni kilo 2,600 za shaba. Sasa vuna tani 5 za mmea mkavu kila mwaka, kila kilo ikiwa na miligramu 300 za shaba, kiwango ambacho mimea michache sana hukifikia. Utaondoa kilo moja na nusu tu. Gawanya: ni zaidi ya miaka 1,700!

Na ua la shaba la Katanga, Haumaniastrum katangense? Hilo huonyesha palipo na shaba. Lilisifiwa kwamba hukusanya shaba nyingi sana, lakini majani yalipooshwa vizuri kabla ya kupimwa, ilionekana kuwa sehemu kubwa ilikuwa vumbi.

Kwa hiyo hapa kazi ya mmea ni kuifunga shaba, si kuitoa. Kwanza tia chokaa na mboji: asidi hupungua, shaba hushikamana na udongo, na mizizi haipati nyingi. Kisha panda nyasi inayovumilia shaba, kama Microchloa kunthii iliyojaribiwa Penga Penga. Huzuia vumbi lisiingie nyumbani na mvua isisombe udongo hadi mtoni. Nyasi hiyo usiwakatie mbuzi.

Mboga je? Majani, kama lengalenga, hukusanya madini kuliko matunda. Kuosha huondoa vumbi, lakini hakuondoi kilichomo ndani ya jani. Afadhali kuinua matuta ya udongo safi ulioletwa kutoka kwingine.

Fiqhi imetufundisha kwamba kuzuia madhara hutangulia kutafuta manufaa. Basi, anayetaka kulima karibu na kiyeyushio, mshauri apime udongo kwanza, ndipo achague mbegu.