Betri ya Lithiamu kwa Sola ya Kubeba: Kagua Kwanza Kinachoichaji

Katika Ndalu na vituo vya jirani, hadi Kiminini na Kitale, sola haikai juu ya paa pekee. Hupakiwa kwenye pikapu, kwenye trela ya trekta, wakati mwingine kwenye mkokoteni, pamoja na spika, hema na viti vya kukodisha, ikapelekwa matangani, kwenye harambee ya kanisa au kwenye mkutano uwanjani ambako nguzo ya stima haijafika. Kinacholemea zaidi katika mzigo huo ni betri. Betri moja ya ampea-saa 100, ile ya kawaida ya risasi na asidi, ina uzito wa karibu kilo 30, na kazi ya usiku kucha huhitaji zaidi ya moja.

Betri ya lithiamu ya ukubwa uo huo ina uzito wa kilo 11 hadi 13. Ni sababu tosha ya mtu kuitamani. Hata hivyo, anayeng'oa betri ya zamani na kuunga mpya kwenye nyaya zilezile, kontrola ileile na alteneta ileile ya gari anaweza kuharibu betri ya maelfu ya shilingi kabla hajarudisha pesa zake. Somo hili linaeleza yanayopaswa kubadilika pamoja na betri, na yapi yanaweza kubaki.

Tofauti iko wapi

Betri ya risasi ni ya kale. Ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859. Inavumilia mengi, lakini haipendi mambo mawili: kutumiwa mpaka mwisho, na kukaa bila kujaa. Ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, maisha yake hupungua haraka, na ndiyo maana mafundi hushauri itumike nusu tu. Ikikaa siku kadhaa bila kujaa, sahani zake za risasi hushika ukoko mweupe unaozuia chaji kuingia. Hilo la pili ndilo linaloua betri nyingi katika maeneo kama Ndalu. Wakati wa mvua, jua huwaka asubuhi, mawingu hufunga mchana, na betri hulala nusu wiki nzima.

Lithiamu inayofaa kwa sola ni ile ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4 kwenye lebo. Ilitokana na kazi ya maabara ya John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, miaka ya 1990. Mwaka 2019 mwanasayansi huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao kuhusu betri za lithiamu. Betri ya aina hii huruhusu asilimia 80 hadi 90 ya umeme wake kutumika, haidhuriki kwa kukaa bila kujaa, na inaweza kuchajiwa na kutumiwa mara 2,000 au zaidi. Ya risasi, ikishushwa hadi nusu kila mara, hufika mara 300 hadi 500.

Hesabu ya usiku mmoja

Chukua mfano wa mwenye vyombo vya kukodisha aliyeitwa kuangazia mkesha wa matanga. Ana taa 6 za wati 9 zitakazowaka saa 11, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni wati-saa 594. Kipaza sauti kinachotumia wastani wa wati 60 kwa saa 6 kinaongeza 360. Waombolezaji wakileta simu 20 za kuchaji, kila moja ikila wati-saa 15 hivi, ni 300 nyingine. Jumla ni 1,254, na ukiongeza umeme unaopotea kwenye inveta, inakaribia 1,400.

Betri moja ya risasi ya ampea-saa 100, kwa volti 12, ina wati-saa 1,200, lakini ni 600 tu zinazotumika bila kuiumiza. Kazi hiyo inahitaji betri tatu, yaani kilo 90 za kupakia na kupakua. Kwa lithiamu, betri ya ampea-saa 100 haitoshi, ingawa wauzaji hupenda kusema moja inashinda yote. Inatoa kama 1,000 hadi 1,150. Inayotosha ni ya ampea-saa 150, ambayo hutoa zaidi ya 1,500 na uzito wake ni kilo 20 hivi au pungufu.

Kuhusu pesa, weka bei za mfano, kisha uzibadilishe kulingana na utakazopewa dukani. Betri tatu za risasi kwa shilingi 18,000 kila moja ni 54,000. Lithiamu moja ya ampea-saa 150 iwe 65,000, na vifaa vya kuandamana nayo 15,000, jumla 80,000. Anayekodisha mara mbili kwa wiki hutumia mizunguko 100 hivi kwa mwaka. Betri za risasi zikichajiwa vizuri zingemfikisha mwaka wa nne. Zikiachwa bila kujaa, huenda zikafa mwaka wa pili. Katika miaka minane, basi, atanunua seti mbili hadi nne, yaani kati ya shilingi 108,000 na 216,000. Kinyozi au mwenye kibanda cha kuchaji simu, anayetumia betri kila siku, ataona tofauti mapema zaidi. Kwa nyumba yenye taa tatu na redio, hakuna haraka. Betri iliyopo ikiwa bado nzima, ni afadhali itumike mpaka ichoke.

Kontrola, chaja na alteneta

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kontrola ya betri ya risasi imetengenezwa kuipandisha volti kila baada ya muda, wakati mwingine hadi 15 au zaidi, ili kuchanganya asidi na kusafisha sahani. Lithiamu ya volti 12 haihitaji zoezi hilo. Inataka kuchajiwa kwa volti 14.2 hadi 14.6 na isizidi. Ndani yake kuna bodi ya ulinzi, inayoandikwa BMS, ambayo hukata umeme volti zikipita kiasi. Bodi ikikata ghafla mchana wa jua kali, kontrola hafifu inaweza kupitisha volti za paneli, 18 hadi 22, moja kwa moja kwenye taa na redio, zikaungua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua betri, soma kontrola uliyo nayo. Ikiwa ina mpangilio wa lithiamu au inakuruhusu kuweka volti mwenyewe na kuzima ule upandishaji, inaweza kubaki. Ikiwa haina, nunua nyingine. Paneli hazina shida. Zilezile zinaendelea kutumika. Chaja ya stima iliyotengenezwa kwa betri za gari nayo isitumike, hasa yenye sehemu ya kufufua betri iliyokufa.

Alteneta ya pikapu ina hatari yake. Betri ya risasi inapoelekea kujaa hupunguza yenyewe umeme inaoupokea. Lithiamu huendelea kuvuta kwa nguvu mpaka karibu mwisho. Gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma polepole ili kuchaji betri ya vyombo, alteneta hulazimika kutoa uwezo wake wote bila upepo wa kuipoza, na inaweza kuungua. Dawa ni chaja maalumu inayofungwa kati ya betri ya gari na ile ya lithiamu, ambayo huweka kikomo cha ampea. Kuunga betri hizo mbili kwa waya mtupu ni kosa. Vivyo hivyo, usiunge lithiamu sambamba na betri ya zamani ya risasi ili kuongeza nguvu. Tabia zao hazilingani, na moja itakuwa inaichaji nyingine usiku kucha.

Nyaya nazo zikaguliwe. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 83. Waya mwembamba wa taa hauwezi mzigo huo. Utapata moto na kuyeyuka. Lithiamu, kwa kuwa hutoa umeme mwingi bila kulegea, huongeza hatari hiyo. Fyuzi ya ukubwa unaofaa ikae karibu kabisa na betri, na uthibitishe kwamba bodi ya ulinzi inaruhusu ampea zinazohitajika. Betri ya ampea-saa 100 yenye bodi ya ampea 50 itazima kila spika zikipandishwa.

Mtumiaji mpya pia hudanganywa na mita. Betri ya risasi hushuka volti polepole, hivyo fundi husoma mita akajua imebaki kiasi gani. Lithiamu hukaa karibu na volti 13 muda mrefu, kisha huanguka ghafla, na spika zikanyamaza katikati ya hotuba. Anayetaka uhakika anunue mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Na betri ikisoma sifuri baada ya kuisha kabisa, isitupwe. Mara nyingi bodi imejifunga tu, na itaamka ikipewa chaja inayofaa.

Lithiamu haichajiwi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Ndalu hilo halina uzito, lakini waongoza watalii wanaopitia Kitale na lango la Chorlim kwenda kulala kwenye mahema katika Mlima Elgon walikumbuke. Kilele cha Koitoboss kina urefu wa mita 4,222, na baridi ya usiku huko juu huweza kugandisha maji. Betri ilale ndani ya hema, na paneli zisiunganishwe kabla haijapata joto.

Kununua bila kuibiwa

Beba mizani. Betri inayodai ampea-saa 100 kwa volti 12 lakini ina kilo 5 haiwezi kuwa na lithiamu ya chuma na fosfeti ya kiasi hicho. Nyingine hutengenezwa kwa seli zilizokwisha kutumika, zikafungwa kwenye kasha jipya. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, dai risiti yenye nambari ya betri, na uandikiwe muda wa dhamana. Epuka pia betri za pikipiki za umeme au za kompyuta zilizofumuliwa. Nyingi ni za lithiamu ya aina nyingine, inayoshika moto kwa urahisi zaidi.

Tangu kanuni za mwaka 2012, kazi ya kufunga sola nchini ni ya mafundi wenye leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Mkazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo kabla ya kulipa. Fundi asiyeuliza juu ya kontrola yako kabla ya kukuuzia betri hajaianza kazi.

Betri ya zamani isimwagwe

Chini ya Katiba ya 2010, uondoaji wa taka ni jukumu la kaunti, na betri ya risasi ni miongoni mwa taka hatari zinazotoka majumbani. Risasi huingia mwilini kwa vumbi na maji, na hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza kazi mwaka 2007 kiliwaachia wakazi sumu hiyo. Kesi yao ilichukua miaka. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo.

Kosa lilo hilo hutendeka kwa udogo kila mnunuzi wa vyuma chakavu anapopindua betri nyuma ya nyumba ili kumwaga asidi, apunguze uzito wa kubeba. Asidi hiyo hutoka na risasi, nayo mvua huipeleka shambani na mtoni. Maduka mengi yanayouza betri hupokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Isafirishwe ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, ndani ya karai au beseni la plastiki, na mbali na magunia ya mahindi. Aliyeibeba anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Lithiamu iliyokufa nayo isitupwe shimoni wala kuchomwa pamoja na takataka. Ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye leseni ya NEMA, au irudishwe kwa aliyeiuza.