Kulazwa Si Kuachisha Ziwa

Mdogo wangu, unalazwa hospitali ya King Fahd hapa Amu, mtoto umemwacha Kizingitini kwa bibi yake, na siku ya pili tu washakutia hofu: usimnyonyeshe tena, maziwa yamelala ziwani, yameharibika. Wengi huamini hivyo, sikulaumu. Lakini maziwa hayachachi ndani ya ziwa. Yasipotolewa utaumia wewe: ziwa hujaa likawa gumu kama jiwe, homa ikapanda, mwisho jipu. Na mwili ukiona hayatoki, huacha kuyatengeneza.

Basi kabla ya sindano yoyote, sema: "Daktari, nanyonyesha." Usingoje uulizwe! Dawa nyingi hazimdhuru mtoto. Chache ndizo zenye kukataza, kama zile za saratani, na daktari akijua mapema atakuchagulia. Hata aliyepasuliwa, kwa kawaida akishazinduka sawasawa na kuweza kumpakata mwanawe, hunyonyesha. Omba mtoto aletwe, na ndugu wa kumshika.

Najua, bahari. Kusi likivuma, na boti ingoje maji yajae mkondo wa Mkanda, mtoto mchanga si wa kuvushwa kila siku. Basi kamua kila baada ya saa 3, usiku pia, hata yakitoka matone. Tia kwenye chombo safi chenye kifuniko, na kwa joto letu hili yawekwe barafuni au kwenye friji upesi. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, asije akazoea chupa akakataa ziwa.

Nanyi mawifi, mgonjwa haulizwi uji. Mnakuja wodini mikono mitupu mkiuliza "waonaje?" Leteni uji, leteni supu ya samaki, mpakateni mtoto mama akiwa na dripu. Na asiwepo wa kukimbilia kopo kwa woga. Sheria ya Kenya ya 2012 imewakataza wauzaji kuyatangaza maziwa ya kopo, na wazee walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Daktari akiyaagiza kwa sababu ya ugonjwa, hilo ni jingine, na mama asisimangwe.

Ukirudi nyumbani ukaona maziwa yamepungua, usilie ukakata tamaa, mdogo wangu. Mweke mtoto ziwani mara kwa mara, usiku hasa. Kwa wengi hurudi. Yakigoma, nenda hospitali ya Faza ukaonane na muuguzi, huna haja ya kuvuka tena.