Jina la mwanao lisomeshe wengine

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Morogoro, pole sana. Mtoto wa darasa la tano kuondoka kwa homa ya siku chache ni msiba ambao sina maneno ya kuutosha. Nitajibu lile uliloniuliza. Arobaini imepita, rambirambi zimebaki kidogo, wakwe wanataka kaburi lijengewe marumaru, nawe unataka pesa hizo zisomeshe watoto kwa jina lake. Je, utakuwa umemkosea marehemu?

Hapana, hujamkosea. Waislamu wana sadaka jariya, ambayo thawabu yake haikatiki maadamu watu wananufaika nayo. Wakristo nao wana misa na ibada za kumbukumbu, na wengi huambatanisha sadaka kwa wahitaji. Kwa hiyo hukuzua jambo geni. Kaburi lijengwe kwa saruji, jina na tarehe zisomeke vizuri, wazee wapate pa kusimama kumwombea. Kinachobaki kiende shuleni. Ila mumeo ndiye aliseme hilo kwenye kikao, maana neno la mke kuhusu kaburi la ukoo huzua maneno hata likiwa la haki.

Wapo wazazi waliokutangulia katika njia hii. Mwaka 1884, Leland na Jane Stanford wa California walifiwa na mtoto wao wa pekee kwa homa ya matumbo wakiwa safarini Florence, Italia. Alikuwa na miaka 15. Wakaweka utajiri wao katika chuo kikuu kilichofunguliwa 1891, na jina lake rasmi mpaka leo ni la kijana yule: Leland Stanford Junior University. Karibu na kwetu, Amy Biehl, binti Mmarekani, aliuawa Gugulethu, Cape Town, Agosti 1993. Wazazi wake walianzisha taasisi kwa jina lake, ikaendesha masomo na michezo kwa watoto wa vitongoji vile baada ya saa za shule. Wawili kati ya vijana waliohukumiwa kwa kumuua walikuja kufanya kazi humo. Sikutajii hao ili ujipime nao, wala hakuna anayekudai moyo wa namna hiyo. Nataka tu uone kwamba familia zote mbili zilielekeza uchungu wao kwa watoto wa watu wengine.

Na hapo ndipo penye hatari, mdogo wangu. Usimtafute mwanao ndani ya mtoto mwingine. Nakuomba sana. Utamwona kijana wa umri wake, mwenye kicheko kama chake, na moyo utamkimbilia. Utataka awe wa kwanza darasani, apende alichopenda marehemu, aje kukushukuru kila likizo. Mtoto huyo atabeba mzigo asioujua, na siku akifeli mtihani utajiona umefiwa tena. Mwite kwa jina lake. Usimpeleke makaburini, wala usisambaze picha yake akipokea viatu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Umaskini wake ni siri ya nyumbani kwao. Ukiona bado huwezi kumtazama bila kulia, mwachie mwalimu agawe, wewe ukae mbali kwa muda.

Kuhusu msaada wenyewe, ada za shule za serikali ziliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachomrudisha mtoto nyumbani sasa ni sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na kwa mabinti, taulo za kike. Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mwanao, muulize nani anakosa nini. Nunua vitu, usigawe fedha mkononi. Afadhali watoto watatu uwahudumie mpaka wamalize shule ya msingi kuliko thelathini wapate daftari moja moja siku ya kumbukumbu na kupiga picha.

Fedha ziwe na akaunti yake, watia saini wawili, na daftari la kila shilingi. Kwa mwaka huu inatosha. Siku mtakapoanza kuomba michango ya watu wa nje ndipo mwende kusajili, ama bodi ya wadhamini kwa wakala wa serikali wa usajili, RITA, ama shirika lisilo la kiserikali kupitia wizara ya maendeleo ya jamii.

Umesema mumeo hataki hata jina la mtoto litajwe. Usimhesabu kuwa hana uchungu. Mwombe jambo dogo: achague mtoto mmoja, au aende mwenyewe kununua viatu. Wanaume wengi hulia kwa kazi ya mikono. Na yule binti yako mdogo aliyebaki, madaftari yake yanunuliwe kwanza kabla ya ya mtu yeyote. Asije akaona kaka yake aliyekufa anapendwa kuliko yeye aliye hai.

Shule zinafunguliwa Januari. Zungumza na mumeo wiki hii, kabla ya kikao cha ukoo, kisha niandikie mlichokubaliana.