Jenereta za Dizeli za Masalio ya Jeshi: Nyumba Ichague ya Zamani au ya Karibuni?

Mwezi wa Februari mwaka 2021 baridi isiyo ya kawaida ilishuka juu ya jimbo la Texas, nchini Marekani. Mitambo ya umeme iliganda, mabomba ya gesi yakapungukiwa msukumo, na nyumba na maduka zaidi ya milioni 4.5 zikakosa umeme, baadhi yake kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba hiyo. Wengi waliuawa na baridi yenyewe. Wengine walikuwa wagonjwa ambao mashine zao za kuwasaidia kupumua zilizimika, na wengine walikufa kwa moshi wenye sumu wa vyombo walivyowasha ili wapate joto au umeme.

Katika nchi hiyo mtu anayeishi mashambani, mbali na fundi wa kampuni ya umeme, hutafuta jenereta ya akiba kabla ya dhoruba inayofuata. Mojawapo ya mahali anapoitafuta ni katika minada ya mali ya jeshi. Jeshi la Marekani limekuwa likiuza jenereta zake za dizeli kila linapopokea za aina mpya, na bei ya mnadani huwa ndogo ikilinganishwa na uzito wa chuma kinachonunuliwa. Mnunuzi hukuta vizazi viwili vimepangwa uwanjani, naye hujiuliza kipi kina faida zaidi: kile cha zamani chenye sifa ya ugumu, au kile cha karibuni chenye sifa ya utulivu. Swali hili lina fizikia nyingi ndani yake, na sehemu kubwa ya fizikia hiyo imo katika masomo ya sekondari.

Jenereta hizi hutambuliwa kwa herufi MEP na namba. Katika kizazi cha zamani, kilichotumika sana miaka ya 1970 na 1980, zinazofaa kuzungumziwa kwa nyumba ni MEP-002A ya kilowati 5 na MEP-003A ya kilowati 10. Injini zake ni za Onan, ya kwanza ina silinda mbili na ya pili silinda nne, nazo hupozwa kwa upepo wa feni. Kizazi cha pili kilianza kuenea miaka ya 1990. Humo kuna MEP-802A ya kilowati 5 na MEP-803A ya kilowati 10, zenye injini za asili ya Lister-Petter zinazopozwa kwa maji, zilizofunikwa ndani ya kasha la kuzuia kelele. Jina la Lister si geni Afrika Mashariki, kwani injini za ukoo huo zimesaga mahindi vijijini kwa miaka mingi. Kipo pia kizazi cha tatu, kilichoanza kupelekwa jeshini mwanzoni mwa miaka ya 2010, ambacho hula mafuta kidogo zaidi lakini huongozwa na vidhibiti vya kielektroniki ambavyo fundi wa kawaida hawezi kuvitengeneza kwa bisibisi na spana. Kwa sasa kiachwe kando.

Kabla ya kuuliza umri wa mashine, yafaa kuuliza ukubwa wa mzigo. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Mtu huona kilowati 10 zikiuzwa kwa bei inayokaribiana na kilowati 5, naye huchukua kubwa akidhani amepata nyongeza ya bure.

Ichukuliwe nyumba yenye vitu vifuatavyo: friji na friza, ambazo kwa pamoja hutumia wati 300, feni ya kusambaza hewa moto, wati 500, taa, wati 150, mashine ya kumtengenezea mgonjwa oksijeni, wati 350, na pampu ya kisima ya nusu nguvu ya farasi, ambayo ikifanya kazi huchukua wati 1000 hivi. Jumla ni wati 2300. Pampu ikisimama, zinabaki 1300. Kwa jenereta ya kilowati 5 mzigo huo ni kati ya asilimia 26 na 46 ya uwezo wake. Kwa ile ya kilowati 10 ni kati ya asilimia 13 na 23 tu.

Injini ya dizeli haipendi kubebeshwa mzigo mdogo kwa muda mrefu. Mafuta ya dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, si kwa cheche. Mzigo ukiwa mdogo, kuta za silinda hubaki baridi, ringi za pistoni hazikazi vizuri, na sehemu ya mafuta hupita bila kuungua. Mafuta hayo huchanganyika na masizi yakawa ute mweusi unaoganda kwenye nozeli, kwenye vali na katika bomba la moshi, na mara nyingine huonekana ukichuruzika kwenye maungio ya bomba hilo. Mafundi kwa kawaida hawapendi mzigo ukae chini ya asilimia 30 kwa saa nyingi. Kwa hiyo mwenye mashine ya kilowati 10 ameinunulia nyumba yake ugonjwa. Hata mwenye kilowati 5 hana budi kuongeza kitu: akiwasha hita ya wati 1500, mzigo wake unapanda hadi kati ya wati 2800 na 3800, yaani asilimia 56 hadi 76. Hapo injini ina joto lake, na watu nao wana lao.

Msomaji makini atauliza habari za kuanza kwa pampu. Swali ni zuri, kwa sababu mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara nne au zaidi ya ule wa kawaida. Pampu ya nusu nguvu ya farasi kwa volti 240 huvuta ampea 22 hivi inapoanza, nazo ni sawa na volti-ampea 5280. Mashine za jeshi za kilowati 5 hukadiriwa kwa kigawo cha nguvu cha 0.8, kwa hiyo zina volti-ampea 6250. Kama hita nayo imewashwa, jumla inauzidi uwezo huo. Lakini ni kwa sehemu ya sekunde tu, na uzito wa gurudumu la injini linalozunguka hubeba pigo hilo. Taa zitafifia kidogo kisha zitarudi. Pampu kubwa zaidi, mathalani ya nguvu ya farasi moja na nusu, ingehitaji hesabu nyingine, na hapo kilowati 10 ingekuwa na haki yake.

Jambo la pili la kuangalia, kabla ya kizazi, ni kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine. Baadhi ya jenereta za jeshi zilitengenezwa kutoa mkondo geu wa Hz 400 badala ya Hz 60. MEP-112A katika kizazi cha zamani na MEP-812A na MEP-813A katika kizazi cha pili ni za namna hiyo. Kwa nje zinafanana na ndugu zake. Jeshi hutumia marudio makubwa kwa sababu transfoma ya Hz 400 huweza kuwa ndogo na nyepesi, jambo la maana kwa ndege na rada. Nyumbani umeme huo haufai. Ukinzani wa koili kwa mkondo geu hukua sawasawa na marudio. Kutoka Hz 60 hadi 400 unaongezeka karibu mara 7, na mota ya pampu haipati nguvu ya kuanza. Jenereta ya namna hii ikiuzwa kwa bei ya kutupa, sababu ni hiyo.

Kanuni ya marudio ni rahisi: idadi ya ncha za sumaku huzidishwa kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha hugawanywa kwa 120. Jenereta za nyumbani zilizotajwa zina ncha 4 na huzunguka mara 1800 kwa dakika, nayo hutoa Hz 60. Tanzania na Kenya hutumia Hz 50, ndiyo maana jenereta ya ncha 4 katika nchi hizo huzungushwa mara 1500. Mtu akiipunguza mwendo mashine ya Kimarekani mpaka 1500 atapata Hz 50, lakini uwezo wake utashuka kufikia kama sehemu tano za sita, na chuma cha ndani yake kitabebeshwa usumaku mwingi kuliko kilivyokusudiwa endapo volti zitalazimishwa zisishuke.

Sasa yaweza kuulizwa: MEP-002A au MEP-802A? Zote ni za kilowati 5, na zote zina swichi ya kuchagua namna ya kutoa umeme, volti 120 au 120 na 240 kwa fezi moja, au fezi tatu. Zote huwashwa kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo kupata volti 24, na zote zina pampu ya ziada inayovuta mafuta kutoka pipa la nje. Tofauti kubwa ipo katika upoaji.

Ile ya zamani haina rejeta, haina mipira ya maji, haina pampu ya maji. Katika baridi kama ile ya Texas hakuna maji ya kuganda na kupasua chuma. Sifa hii si ndogo. Lakini mapezi yake ya kupozea hujaa vumbi na mafuta, na panya hupenda kujenga humo. Mapezi yakiziba, silinda hupata joto kupita kiasi na hakuna geji ya maji ya kumwonya mtu. Injini ya maji ina joto lililotulia zaidi, na koti la maji linaloizunguka silinda humeza sehemu ya kelele. Gharama yake ni mipira inayozeeka, themostati inayokwama, na mchanganyiko wa kuzuia kuganda unaotakiwa kubadilishwa kwa wakati.

Kelele yastahili hesabu yake. Mashine za kizazi cha pili zilitengenezwa kwa lengo la kutozidi desibeli 70 hivi kwa umbali wa meta 7, maana adui huweza kumtafuta askari kwa sikio. Kila umbali unapozidishwa mara mbili mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6: meta 14 ni 64, meta 28 ni 58. Mashine ya zamani haina kasha, na karibu nayo watu hawawezi kuzungumza. Ikitakiwa kulazwa mbali ili mgonjwa alale, waya nao utakuwa mrefu. Kwa meta 30 za waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi, ukinzani ni karibu omu 0.41, mkondo wa ampea 16 hupoteza volti 6.6. Pampu inapoanza, upotevu huo huongezeka maradufu. Waya wa milimita mraba 10 huupunguza mara nne, na bei yake yapasa kuhesabiwa ndani ya bei ya jenereta ya zamani.

Kuhusu mafuta, lita moja ya dizeli ina nishati ya joto ya kilowati-saa 10 hivi. Injini ndogo yenye nusu ya mzigo huigeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme, yaani kilowati-saa 2. Nyumba inayotumia wastani wa kilowati 3 itahitaji lita 36 kwa siku, na pipa la lita 200 litadumu siku tano na nusu. Katika hesabu hii umri wa mashine una uzito mdogo kuliko ukubwa wake, kwa kuwa injini kubwa hulipa kwanza gharama ya msuguano wake yenyewe.

Kwa nyumba iliyotolewa mfano, yenye mgonjwa na majirani, MEP-802A ndiyo ya kuchukua, kwa sharti kwamba imejaribiwa. Mwenye shamba aliye fundi mwenyewe, asiye na jirani wa karibu, anaweza kuchukua MEP-002A bila majuto. Hata hivyo mashine ya zamani iliyowashwa kila mwezi ni afadhali kuliko ya karibuni iliyokaa miaka kumi chini ya turubai. Saa ya kuhesabia kazi isiaminiwe peke yake: mashine iliyofanyiwa matengenezo makubwa katika karakana ya jeshi huweza kuanzishiwa hesabu upya, na yenye saa chache huweza kuwa na mafuta yaliyogeuka gundi, mipira iliyopasuka na swichi zenye kutu. Jaribio la kweli ni kuibebesha mzigo unaokaribia uwezo wake kwa saa moja au mbili, huku volti na marudio vikisomwa na rangi ya moshi ikitazamwa.

Kosa moja haliangalii kizazi. Jenereta ikiunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kuitenga nyumba na nguzo, umeme hurudi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma inayoshusha volti 7200 kuwa 240 hufanya kazi pande zote mbili: volti 240 zikiingia kinyume, hutoka 7200 juu ya nguzo, ambako fundi anashika waya akiamini kwamba umekufa. Hali kadhalika, dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini si kidogo kiasi cha kuruhusu mashine hii iwekwe barazani au bandani karibu na dirisha.

Mwalimu anayetaka kulitumia somo hili darasani anaweza kuwapa wanafunzi kazi ifuatayo. Waorodheshe vyombo vya umeme vya zahanati iliyo karibu, wakisoma wati kwenye vibao vyake. Watafute mzigo mdogo kabisa na mkubwa kabisa kwa siku. Kisha waamue jenereta ya ukubwa gani ingekaa kati ya asilimia 30 na 80, na ingehitaji lita ngapi kwa siku tatu. Wakipata chombo chenye mota, wasisahau kuuliza mkondo wake wa kuanzia.