SOMO: JE, MZEE AISHIYE SANA HULA MIAKA YA WENZAKE?



Somo letu la safari hii lilianzia msibani. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Nyamagana, baada ya kumzika kijana wa miaka 32. Bibi yake, ambaye umri wake ni miaka 90 kasoro kidogo, alikuwa ndani pamoja na akina mama. Mtu mmoja, tena Mkristo mwenzetu tunayepiga magoti pamoja naye mezani pa Bwana, akasema kwa sauti ya chini: "Watoto wameisha, sasa wajukuu wanaisha, yeye yupo tu. Hiyo miaka anaitoa wapi?" Wengine wakatikisa vichwa kuafiki. Na sisi, tuliofundisha shule zaidi ya miaka 30, tulinyamaza. Tulimaliza chai yetu tukaaga.

Swali lile halikutuacha. Katika Usukuma maneno ya namna hiyo si mzaha. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuliandikia tasnifu mwaka 1993, alionyesha jinsi watu kwa maelfu walivyouawa nchini kwa kushukiwa uchawi tangu miaka ya 1970, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa katika mikoa yetu ya Mwanza na Shinyanga. Vikongwe walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Mara nyingi mambo yalianza kwa swali kama lile la chini ya mwembe, kisha likapelekwa kwa mpiga ramli, naye akalijibu. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, lakini swali lenyewe halipigwi marufuku. Yafaa lijibiwe, na elimu ya siku hizi ina majibu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mwalimu hata akistaafu haachi chaki. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 mtoto aliyezaliwa kwetu alitarajiwa kuishi miaka 40 na kitu tu. Wengi husikia hivyo wakadhani kwamba wazee wetu walikufa wakiwa na miaka 40, na kwamba mtu wa 80 alikuwa kioja. Sivyo. Chukua watoto 10. Tuseme wanne wanafariki wakiwa na mwaka mmoja, na sita wanaishi hadi 70. Jumla ya miaka yao ni 424; gawanya kwa 10, wastani ni 42 na ushei. Lakini hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 42! Wastani ulishushwa na makaburi ya watoto. Siku hizi kwetu matarajio hayo yamepita miaka 60, na sababu kubwa ni kwamba watoto wengi zaidi wanapona. Aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kuzeeka hata zamani. Zaburi ya 90 inapotaja miaka 70 na 80 haisemi jambo geni.

Sasa, mbona wajukuu wafe na bibi abaki? Hapa hatuhitaji ramli. Malaria huua zaidi watoto wadogo, kwa kuwa mwili wa mtu mzima aliyeishi kando ya ziwa hili miaka yote umekwisha kujifunza kupambana nayo kwa kiasi fulani. Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo tu ya ziwa letu, na ugonjwa ule ulichukua hasa watu wa umri wa kuzaa na kulea. Dawa za bure za kupunguza makali zilianza kutolewa mwaka 2004, na kabla ya hapo tulizika kizazi kizima cha kati. Wazee wakabaki na wajukuu. Aliyekuwa akitazama kwa mbali aliona nyumba yenye bibi na makaburi, akaunganisha viwili hivyo. Aliyetazama kwa karibu aliona bibi akiuza dagaa ili apate daftari na sare za yatima.

Tuje kwenye miaka yenyewe: inatoka wapi? Wataalamu wa viumbe wameitafuta ndani ya mwili. Mwili wetu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hujigawa ili kujenga na kukarabati. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Marekani, walionyesha kwamba seli za kawaida za mtu zikioteshwa katika chupa hujigawa kiasi cha mara 50 hivi, kisha husimama. Sababu moja ilifahamika baadaye. Wavuvi wetu wa Mwaloni wanajua kwamba kamba ya nailoni ikikatwa ni lazima ncha yake iunguzwe kwa moto, la sivyo itafumuka. Nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli nazo zina ncha za kuzuia kufumuka, ziitwazo telomea. Kila seli inapojigawa, ncha hizo hupungua kidogo. Zikiisha, seli husimama kujigawa. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi hiyo. Tulipofunzwa ualimu pale Butimba hatukuwa na habari za telomea. Tuliandika katika daftari kwamba mtu huzeeka kwa sababu "mwili umechakaa," basi.

Lakini kuchakaa si jambo moja kwa viumbe vyote. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon alibadili chembe moja tu ya urithi katika mnyoo mdogo wa udongoni, na mnyoo yule akaishi maradufu. Na hapo jirani, katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, yuko fuko asiye na manyoya, mwekundu na mwenye makunyanzi tangu utotoni. Si mzuri wa kutazama. Uzito wake ni kama wa panya wa nyumbani, ambaye akitunzwa sana huishi miaka mitatu au minne, lakini fuko huyu hupita miaka 30. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichapa hesabu za fuko zaidi ya 3,000 waliofugwa, wakaona kwamba hatari ya kufa haiongezeki kadiri anavyozeeka, tofauti na sisi na wanyama wengine. Wapo wanaosema fuko wazee kabisa bado ni wachache mno kwa hesabu hiyo kukubalika moja kwa moja. Hata hivyo, hakuna anayedhani kwamba fuko yule ameiba miaka ya jirani yake shimoni.

Hapa tuweke neno moja la tahadhari. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba dawa iitwayo rapamaisini, iliyotokana na vijidudu vya udongo wa Kisiwa cha Pasaka, iliwaongezea maisha panya waliokwisha kuzeeka: majike kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9. Ni panya, ndugu. Kwa watu dawa hiyo hupewa waliopandikizwa figo, nayo hupunguza kinga ya mwili. Anayekuuzia pale stendi chupa ya "kurudisha ujana" anarudisha ujana wa mfuko wake.

Sasa twafika mahali ambapo somo hili lilitugusa zaidi. Si mbali na hapa. Ukitoka Mwanza ukavuka Simiyu mpaka upande wa Meatu, unakaribia nchi ya Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Kuanzia miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao na kufanya kazi ambayo mwalimu yeyote ataipenda: waliandika saa ambazo kila mtu alitumia kutafuta chakula, na wakapima watoto kwa mizani.

Walitazamia kwamba akina mama vijana ndio watakaoongoza. Wakakuta walioongoza ni wanawake waliokwisha kukoma kuzaa. Bibi wa Kihadzabe, mwenye mvi na mgongo uliopinda, huchukua mti wake uliochongwa ncha, hukaa juani na kuchimba ardhi ngumu, kwa saa nyingi kuliko binti yake. Mizizi ile imo chini sana, katikati ya mawe, na mtoto mdogo hawezi kuichimba. Mama mwenye mtoto mchanga naye kazi yake hupungua. Basi huyo mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa atakula nini? Mizani ilijibu: mama akiwa na kichanga, uzito wa mtoto aliyeachishwa ulifuata kazi ya bibi. Bibi akichimba zaidi, mjukuu alinenepa.

Kutokana na hayo, mwaka 1997 na 1998 wataalamu hao waliandika kwamba huenda ndiyo sababu wanadamu wanaishi muda mrefu baada ya kukoma kuzaa, jambo lililo adimu kwa wanyama. (Mwaka 2023 iliandikwa kwamba hata sokwe wa Ngogo, Uganda, baadhi ya majike huishi baada ya kukoma kuzaa, lakini binti za sokwe kwa kawaida huhamia kundi jingine, kwa hiyo bibi hana mjukuu wa binti wa kumlisha.) Fikra yao ni hii: familia zenye bibi mwenye nguvu zilikuza wajukuu wengi, na wajukuu hao wakarithi mwili wa kudumu. Wako wanaobishana nao, na mabishano yataendelea. Nao Michael Gurven na Hillard Kaplan walikusanya mwaka 2007 hesabu za watu waishio kwa kuwinda na kukusanya, Wahadzabe wakiwamo, wakaona kwamba waliofika utu uzima walifariki zaidi wakiwa kwenye miaka 70 hivi, bila hospitali wala duka la dawa.

Kwa hiyo yule aliyeuliza chini ya mwembe alishika kamba kwa upande usio wake. Kama kuna deni la miaka baina ya bibi na mjukuu, mdai ni bibi.

Yamebaki macho mekundu. Kadiri tunavyozeeka machozi hupungua na jicho hukauka. Kope ya chini hulegea, mara nyingine ikapinduka nje, na ule wekundu wa ndani ukaonekana. Ongeza hapo miaka 60 ya kupuliza moto. Katika sehemu za Usukuma ambako miti imekwisha, akina mama hupikia mabua, miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha. Mwanamume hakai humo, na ndiyo maana macho yake hayasimuliwi.

Na tusisahau usahaulifu wa uzeeni. Mwaka 2010, wilayani Hai, Kilimanjaro, wataalamu wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee zaidi ya 1,100 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na akili. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kutoka usiku wa manane bila nguo, asijue anakokwenda, akagonga mlango wa jirani akidhani ni kwake. Wasomaji mnajua kwetu mzee akikutwa hivyo huitwaje.

Wiki mbili baada ya mazishi tulirudi nyumba ile. Tulimkuta uani, amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha, vitukuu wawili wakicheza na visoda. "Mwangaluka, mayu," tukasema, naye akatuitikia bila kutazama juu, kwani mwanga humuumiza. Tulimwuliza amelea watoto wangapi, mbali na wale aliowazaa. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akimtaja kila mmoja na mwaka wa njaa au wa mafuriko aliokuja nao. Vidole vilikwisha, akaanza tena upande wa kwanza. Alipofika wa 13 alitaja jina la yule aliyekuwa akinong'ona chini ya mwembe. Alimlea miaka miwili, mama yake alipougua.

Tumekwenda kumwambia. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akauliza kama kliniki ya macho hufunguliwa Jumatatu.